Kundi la Tatu

Nimeuza manjano soko la Lindi miaka kumi na tisa,
manjano, tangawizi, mlonge uliotwangwa,
habasoda ya kupima kwa kijiko,
na miaka yote hiyo nimekaa.
Kigoda kimenizoea, kimechukua umbo langu
kama ndara inavyochukua kidole gumba.

Mteja akija ananionyesha goti. Naliona: limejaa.
Namfungia robo, namwambia anywe na maziwa ya moto.
Akishaondoka najishika la kwangu, chini ya kanga,
linafukuta kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.
Mganga hajigangi, sawa,
lakini nani angenunua dawa ya viungo
kwa mtu asiyenyanyuka bila kushika meza?

Wakaja watu wa utafiti na makasha ya barafu.
Wanataka wanawake wa kukaa, alisema Hokororo,
kijana wa kalamu tatu mfukoni:
makarani, mafundi cherehani, sisi wa sokoni.
Akanitoa damu. Akarudi na neno, mchochota.
Neno sikulijua. Jambo nililijua:
bibi yangu wa Rondo alikuwa akiulaza moto kwenye pumba,
hauna ulimi, hauna moshi, umeshika tu,
asubuhi ukitia mkono, unaukuta.

Tukachota vikaratasi kwenye kopo la maziwa.
Wengine wameze na kutembea, wengine wameze na kukaa.
Mimi nikapata kundi la tatu, la kutembea.
"Vidonge vyote vinafanana," alisema. "Hata mimi sijui kilichomo."

Mimi nilijua jioni ile ile.
Nilikifungua kidonge juu ya kisosi,
nikaonja kwa ncha ya ulimi.

Unga wa muhogo.

Mimi, Somoe binti Chikoti,
ambaye kucha zangu hazijatakata tangu mwanangu wa kwanza,
napewa muhogo nimeze kutwa mara mbili!
Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Sikumwambia mtu.

Alfajiri tukaanza kupanda Mtanda,
raba za kuazima, baibui limekazwa kiunoni kwa mpira wa baiskeli.
Esha Mnyambe, karani wa ardhi, aliketi katikati ya mlima:
"Mtanichukua mkirudi."
Mimi moyo ulikuwa unanipiga kwenye meno.
Mwalimu akasema, mwendo tunaoutaka
ni ule ambao mtu anaweza kusengenya ila hawezi kuimba.
Basi hapo alitupata.
Kufikia wiki ya tano hakuna ndoa ya mji huu
ambayo hatukuipandisha mlima na kuishusha.

Siku moja mteja aliomba pilipili manga, rafu ya juu.
Nikasimama, nikamshushia, nikapima.
Meza niliikumbuka baadaye, kama mtu
aliyesahau mwavuli kwa sababu mvua imekatika.

Damu ya mwisho: namba yangu imeshuka.
Imeshuka kwa miguu, muhogo ni shahidi.
Ya Asumini, aliyemeza manjano ya kweli na akatembea,
imeshuka kuliko yangu.
Nikafurahi kama mama wa mtoto aliyefaulu,
na wivu kidogo, siwezi kuuficha.
Na wale waliomeza wakakaa?
Hokororo alijikuna kisogo. "Kidogo," alisema. "Kidogo sana."

Sasa mkono wangu unasita kwenye mizani.
Nina ada ya shule, nina ushuru wa meza.
Naangalia goti, nauliza: unakaa wapi, dada?
Akisema mbali, namfungia robo, namwambia aende kwa miguu.
Akisema hapo nyuma tu,
namwambia manjano mazuri yamebaki kwa dada yangu,
Mtanda, juu kabisa, mlango wa kijani,
na bodaboda hazifiki.

Zinafika. Mungu anisamehe.